Siku Toleo la Pili Lilipompa Baba Mkwe Mtoto wa Nje

Najua wengine wenu mmeshaisikia habari hii, maana Butembo pikipiki hubeba maneno kuliko abiria, lakini afadhali mnicheke nikiisimulia mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia huniongezea machozi, na mimi siku ile sikulia (nilitoka jasho tu, na la machoni lilikuwa kidogo).

Miaka mingi iliyopita niliandika Uzao, maktaba ya programu, yaani fungu la kanuni ambalo waandishi wengine wa programu hulichukua bure na kulitia ndani ya kazi zao, na yeyote anayetaka anaweza kulifungua akalirekebisha. Kazi yake ni moja: kwetu Wanande wa mashariki ya Kongo jina la mtoto huonyesha alizaliwa wa ngapi, basi Uzao husoma majina ya nyumba na kuyapanga. Parokia na shule kutoka Butembo hadi Beni huitumia bila hata kujua nani aliyeiandika, jambo ambalo (niseme ukweli) liliniuma kidogo. Ndiyo maana nikapanga toleo la pili, kubwa, la kunitambulisha.

Katika mpango wangu niliandika: jina moja kwa nafasi moja. Toleo la zamani lilikuwa na orodha ndefu, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume anaweza kuitwa Mumbere, au Paluku, au Nzanzu, na mimi msomi nikaona huo ni uchafu, nikabakiza Mumbere peke yake, nikijiambia hayo mengine nitayarudisha baadaye. Nikalijaribu kwa nyumba yetu, Mumbere, Kambale (ndiye mimi) na Kasereka, likatupanga vizuri mpaka nikalipigia makofi. Kavira, mwalimu wa Beni anayenisaidia kuitunza Uzao, aliniandikia: “Prof, ile liste usiitoshe, muko batu ndani,” yaani orodha nisiiondoe, mna watu ndani yake. Nikamjibu kwamba anapenda mno vitu vya zamani.

Jumapili moja baada ya misa tukakutana kwenye salle, ukumbi wa parokia, mtaani Kimemi, kwa mambo mawili: watumiaji waniambie kama wanalikubali toleo jipya, kisha ichaguliwe kamati ya familia za parokia, ambayo kila mtu alijua itaongozwa na baba mkwe wangu, muuza vitenge asiye na doa. Ili nimpambe kabla ya kura, nikaamua kuonyesha toleo langu kwa nyumba yake. Kavira akaingiza majina ya wavulana watatu. Mimi hata sikuyatazama, na isitoshe shemeji yangu mkubwa nimemwita Shemeki, yaani shemeji, miaka yote, kwa heshima, mpaka nilisahau kwamba ana jina.

Ukutani yakatokea maandishi mekundu: Mtoto wa kwanza wa kiume hayupo kwenye orodha hii. Paluku: hana nafasi katika nyumba hii.

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma mara mbili, akamgeukia mumewe.

“Papa Paluku, huyu wa kwanza mwenye haiko hapa, mama yake ni nani?”

“Mama, mimi sijue! Uliza mukwe yako.”

Hapo ningesema nimekosea, yakaisha. Lakini nilikuwa na maikrofoni, na mtu mwenye shahada akishika maikrofoni hakubali kosa haraka. Nikasema: “Mashine haidanganyi.”

Salle nzima ikaguna.

“Njo maana alikuwaka anaenda Beni kila juma!” mtu akasema nyuma. (Anauza vitenge huko, maskini.)

Shemeji akasimama. “Shemeki, donc mimi ni mugeni kwetu?”

Nikazidi kujichimbia. Ili kuwaonyesha kwamba toleo ni zima, nikaweka nyumba yetu sisi, likaipanga bila kosa hata moja.

“Yake iko sawa,” mama mkwe akasema polepole. “Ya kwetu tu njo iko na shida.”

Aliyeshika karatasi za kura akazirudisha mfukoni, na baba mkwe akaangalia viatu vyake kama mtu anayevihesabu.

“Prof, toka hapo,” Kavira akasema, akavuta kompyuta, akarudisha toleo la zamani, na wavulana wote watatu wakajipanga, Paluku mbele. “Bamama, hakuna mutoto wa inje. Prof njo alifuta ba Paluku bote.”

Kumbe humo ndani walikuwamo Paluku wengine wanne na Nzanzu wawili, na wote wakainuka pamoja kunidai nafasi zao.

Baba mkwe alichaguliwa kwa makofi na kicheko, na uamuzi wake wa kwanza, akiwa bado anajipangusa jasho, ulikuwa kwamba toleo la pili halitoki mpaka wamama wa parokia wawe wamelijaribu nyumba kwa nyumba, na kompyuta nibebe mimi. Mama mkwe alinipa mkono mlangoni.

“Programu yako nimeisamehe,” akasema. “Lakini Beni sasa tutaendaka bawili.”

Kwa hiyo mpango bado ni mpango, na kila Jumamosi napanda pikipiki na kompyuta mgongoni, nabisha hodi kwa watu wanaonicheka kabla sijakaa, na nimeapa sitafuta tena hata mstari mmoja kwa sababu tu kwetu sisi hauhitajiki.