Adabu ya Redio

Mbwa wa kinyozi aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na pa kumzimia. Alimbwekea kila mteja aliyeingia dukani, na mashine ya kunyolea ikiwashwa alilia nayo mpaka izimwe. Kwa hiyo aliponyamaza ghafla, nyumba nzima ilipumua. Mama mkwe wa kinyozi, aliyekuwa akiishi nao tangu mjukuu wake azaliwe, alijitwalia sifa zote.

“Nimemkazia macho tu,” alisema. “Huyu ni kama mkwe. Ukimchekea, anakupanda kichwani.”

Mkwe mwenyewe alicheka, maana angefanya nini? Redio alipobakisha chakula, mama mkwe alisema ameacha ulafi. Alipokunywa maji kupita kawaida, ikawa ni joto. Alipolala mchana kutwa, ametulia.

Jumamosi mwalimu wa hesabu alikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

“Fundi, siku hizi mbwa wako ana adabu kuliko wanafunzi wangu.”

Kinyozi alitazama chini. Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwake, na Redio amelala miguuni pake bila hata kutikisa sikio. Akainama na kuisogeza karibu naye. Wapi. Aliizima, akapiga magoti, akamshika sikio. Lilikuwa la moto. Akamfunua mdomo. Ufizi umepauka kama povu la sabuni. Nyuma ya sikio vidole vyake vikagusa kupe, kisha mwingine, wamevimba kama mbaazi zilizolowekwa.

“Mwalimu, hii siyo adabu. Huyu anaumwa.”

“Na kichwa changu je?”

“Kichwa chako hakina homa.”

Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akapapasa upande ulionyolewa, akaguna. “Basi twende na gari langu. Kwa sura hii sina pengine pa kwenda.”

Kwa daktari wa mifugo, wote waliokuwa kwenye benchi walimtazama mwalimu. Daktari alichungulia mlangoni, akamwangalia yeye, akamwangalia mbwa.

“Mgonjwa ni yupi?”

Kinyozi, aliyembeba Redio kifuani kama mtoto mchanga, alijikuta anacheka.

Ilikuwa homa ya kupe. Daktari alibonyeza ufizi kwa kidole, akawaonyesha jinsi damu ilivyochelewa kurudi. “Mbwa akibadilika tabia ghafla, hata akiwa mzuri zaidi, mshuku,” alisema akimdunga sindano. “Mngechelewa kidogo, ningewapa pole. Mpeni vidonge. Nitapiga simu kujua anaendeleaje.”

Mama mkwe alipoelezwa, alifuata bakuli jikoni. Aliketi sakafuni kando ya mbwa, akamlisha mchuzi kwa kijiko, akimbembeleza: “Kunywa, mume wangu. Kidogo tu.” Mke wa kinyozi alimnong’oneza mumewe kwamba yeye hajawahi kulishwa hivyo, na ni mtoto wa kuzaa.

Siku daktari alipopiga simu, mama mkwe ndiye aliyepokea, sikio moja ameliziba kwa kiganja.

“Anakula?”

“Amekula chake, amekula na changu.”

“Ametulia?”

“Kutulia wapi, daktari? Tangu alfajiri ananitukana mimi na kila apitaye njia. Hebu sikiliza mwenyewe.”

Akainyoosha simu dirishani, uso wote umemchanua, akaishikilia hapo muda mrefu.