Siku Tuliyovutana na Nailoni

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikuwa mkata mkonge katika shamba moja nje ya Voi, shamba kubwa hivi kwamba ukianza kulizunguka kwa baiskeli ungerudi na ndevu. Miiba ilinichoma mpaka mbu wakakata tamaa, hawakuona pa kuingilia. Maji ya mashine ya kukamua majani yalimwagwa mtoni, na ng'ombe wa watu wa bondeni walifika ukingoni, wakayanusa, wakarudi nyumbani na kiu yao. Tulipolalamika tuliambiwa hiyo ni harufu ya maendeleo, na kwamba kamba zetu zinapendwa Ulaya.

Kisha Ulaya wakaacha kuzipenda. Asubuhi moja nyapara alitukusanya akasema wakulima wa huko sasa wanafunga nyasi za ng'ombe kwa kamba za nailoni, soko la dunia limeanguka, na sehemu yetu itafungwa mwisho wa mwezi. Kwa kuwa jioni nilisoma ngumbaru, wenzangu walinigeukia niwaeleze hilo soko liko wapi. Nikawaeleza kwa ufasaha mkubwa, karibu saa nzima, jambo nisilolijua kabisa.

Aliyekuwa na la kupoteza ni mjomba, ndugu ya mama, aliyenilea. Alikata mkonge tangu enzi za mkoloni, na kwao mlimani ndugu zake walikwisha kugawana shamba wakijua yeye ni mtu wa kampuni. Sehemu ikifungwa, na nyumba ya kampuni aliyopewa kwenye laini za wafanyakazi imekwenda. Hakuwa na kwingine.

Mjomba hakulia. Alisema hao Wazungu wamedanganywa tu, hawajaona kamba halisi. Wakiletewa ushahidi kwamba ya mkonge ina nguvu zaidi, wataona haya na kurudi. Na sisi, watu wazima wenye vitambulisho, tukaona huo ndio mpango.

Siku tatu alikaa mlangoni akisokota nyuzi za mkonge juu ya paja, kama bibi zetu walivyofanya, mpaka paja likang'aa kama kiatu cha polisi. Ya nailoni tuliinunua dukani Voi. Nyapara akakubali kuwa refa, maana hata kazi yake ilikuwa inaning'inia. Jumamosi mchana tuliziunganisha kamba mbili kwa fundo, wanaume kumi huku, kumi kule. Mimi niliwekwa upande wa nailoni, nikavuta kizalendo, yaani kwa mkono mmoja.

Nailoni ikakatika. Wote ishirini tulianguka chali, na vumbi letu, nasikia, lilionekana Mwatate.

Tulimsindikiza mjomba kwa nyimbo hadi ofisini, kamba yake begani. Meneja alitoka, akaipapasa, akaivuta, akaisifu kwa dhati. Halafu akamtazama mjomba kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mzee, kule hawavuti kitu. Wanafunga nyasi mara moja, nyasi zikiliwa wanaitupa."

"Wanatupa kamba?"

"Wanatupa."

"Nzima?"

"Nzima, mzee. Wanachotaka ni kamba ya bei rahisi, si kamba imara."

Mjomba aliishusha kamba begani. "Basi mimi nimefanya kazi miaka yote hii," akasema, "kwa watu wasiojua hata kufungua fundo."

Meneja alicheka, akampa mkono, na mwisho wa mwezi sehemu ikafungwa vilevile.

Huko mlimani ndugu zake walishauriana wiki mbili, wakamkatia kipande cha mteremko ambako hata mbuzi hupita kwa ubavu. Nilikwenda kumsaidia kujenga. Tulichimba shimo la nguzo, tukakuta jiwe. Tukasogea hatua, jiwe. Nadhani tulichimba nusu ya mlima. Nguzo ya kwanza tuliisimamisha jua likizama, imeinama kama mlevi anayesikiliza hotuba. Nikataka kuing'oa tuanze upya.

"Iache," mjomba akasema. "Nyumba itafuata ilivyoinama."