Ngome za Ziwani na Likizo Yangu

Kabla ya kuja Riyadh kupiga deki nilikuwa mwalimu wa Historia, na katika miaka mitatu madam alilikumbuka hilo mara moja tu. Ni pale mama yake, anayeishi Jeddah, alipomwomba awasimulie wageni wake wa kike kuhusu ngome za kale alizozuru kando ya ziwa moja huko Uswisi. Madam alikuwa na picha chungu nzima, zote za yeye mwenyewe mbele ya kuta. Historia, mafi, hakuna kabisa.

Basi nikaacha pasi, nikamwandalia. Ziwa lenyewe sijaliona, lakini mabwana wa enzi hizo nawajua. Walijenga ukingoni mwa maji ili msafiri asipite bila kulipa ushuru, na mlimani nyuma wakawa na mizabibu iliyopaliliwa na watu wengine. Mimi akili yangu ilikuwa nyumbani. Binti yangu alikuwa anaingia shule ya upili mwezi uliofuata, nami nilikuwa nimemwahidi kumpeleka mwenyewe. Madam alishaahirisha likizo yangu mara tatu.

Kule Jeddah madam alizungumza dakika tano akaishiwa, akaniita niendelee, trei ya kahawa ingali mkononi. Mgeni mmoja akauliza zabibu zote hizo zilifanyiwa nini. Madam akanikodolea macho. Nikasema zilikaushwa. Mungu anisamehe, siku hiyo niliikaushia Ulaya nzima divai yake.

Kisha mama yake akauliza kama wale wakulima waliweza kuondoka. Hapo ualimu ukanipanda kichwani. Nikaeleza kwamba mtu hakutoka bila ruhusa ya bwana wake, lakini aliyetorokea mjini akakaa mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, mara nyingi alihesabiwa kuwa huru. Ni somo la darasani tu, sikuwa na nia yoyote. Wageni wote wakageuka kumtazama madam, na mama yake akaniuliza mara ya mwisho nilienda kwetu lini. Nikamwambia ukweli.

Tukielekea uwanja wa ndege kurudi Riyadh tulipita Kandara, mtaa wanakojificha wengi waliowakimbia waajiri wao. Madam akafunga milango ya gari kwa kufuli, akamhimiza dereva, yalla. Nilijiuma midomo nisicheke.

Kesho yake tiketi ilikuwa kwenye simu yangu, pamoja na viza ya kutoka na kurudi. Nilifurahi, nikaisoma mara mbili. Madam alisimama mlangoni mwa jiko.

“Na wale waliopewa ruhusa,” akauliza polepole, “walikuwa wakirudi?”

“Hilo halikuwa kwenye silabasi, madam.”