Mama Fumiko Alipotuuliza Nuka

Jikoni kwangu hapa Husby, Uswidi, chini ya sinki, kuna sufuria nyeupe ya enameli. Kila ninapoifunua, harufu yake hunipanda puani kabla sijainama: uchachu, chumvi, mchele, na kwa mbali dagaa. Wageni hurudi nyuma hatua moja. Mimi hurudi nyuma miaka mingi, hadi nilipokuwa na miaka tisa na mama yangu akawa anaogopa kupika.

Mama alitoka Uvira, mji wa kando ya ziwa, mahali ambapo nyumba isiyonukia dagaa ni nyumba yenye matatizo. Huku, siku moja kwenye lifti, mwanamke mmoja alituona na mfuko wetu wa samaki wakavu, akajiziba pua, akashuka ghorofa isiyo yake. Tangu hapo mama alipika dagaa madirisha yakiwa wazi hata theluji ikianguka, nasi tukala tumevaa makoti. Raha aliyobakiwa nayo ilikuwa kinu chake, alichokinunua kwa Mrundi mmoja aliyekuwa akihama. Jumamosi alikiweka juu ya blanketi lililokunjwa, akatwanga karanga, na uso wake ukalegea.

Jumamosi moja, katikati ya kutwanga, kengele ya mlango ililia. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, Mjapani mfupi mwenye nywele nyeupe, mjane wa Mswidi, ambaye tulikuwa tukisalimiana naye kwa kutikisa kichwa tu. Aliinama, akatabasamu, akauliza:

"Har ni nuka?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa familia, tena mwenye maringo. Nikamgeukia mama.

"Mama, anasema tunanuka."

"Eh, Mungu wangu! Amejifunza mpaka Kiswahili ili atutukane?"

Kisha mama akamwambia yule bibi *förlåt*, samahani ya Kiswidi, neno alilolijua kuliko yote, akafunga mlango taratibu.

Dagaa wakafungwa mfuko ndani ya mfuko, wakapelekwa stoo ya chini ya jengo. Kinu kikaingia kabatini. Tukaanza kula makaroni na soseji, na kusema kweli mimi na kaka yangu tulidhani tumefika mbinguni. Lakini mama hakuwa akila. Alikuwa akijinusa mikono. Akaanza kuulizia nyumba Norsborg, karibu na shangazi, mwisho mwingine kabisa wa jiji, na aliposema "huko hakuna atakayetusema" sauti yake ilinitia huzuni hata kabla sijajua kwa nini.

Bibi akarudi. Safari hii amebeba sufuria hii hii, na kiganjani amefumbata unga wa rangi ya mchanga. Alizungumza Kiswidi polepole, nami nikasikiliza neno kwa neno. Alisema hasikii tena tukitwanga, akauliza kama kuna mgonjwa. Akaeleza kwamba nuka, kwa Kijapani, ni kile kinachotoka mchele ukikobolewa. Kwao huchanganywa na maji na chumvi, mboga zikazikwa humo zikawa achari. Mchanganyiko alioutunza tangu alipoolewa uliharibika alipolazwa hospitali, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuugeuza. Madukani mjini mwani aliupata, lakini pumba za mchele hakuna, za ngano tu. Ndipo aliposikia kinu juu ya kichwa chake, akadhani hawa wanakoboa mpunga.

Nilitafsiri masikio yakiniwaka moto. Mama alichota unga ule, akaunusa, akaulamba.

"Pumba! Hii si pumba? Kwetu hii tunapatiaka nguruwe!"

Hilo la nguruwe sikulitafsiri.

Tulikwenda madukani Kista kununua mchele wa rangi ya kahawia, ule ambao bado una ganda lake la ndani. Kinu kikatoka kabatini. Mama alitwanga bila haraka, akachekecha, akapata konzi moja, akatwanga tena, na Mama Fumiko, kama tulivyoanza kumwita, akakaa kwenye kigoda akipiga makofi kufuata mchi. Bibi huyo alizikaanga pumba bila mafuta, akatia chumvi, maji, mwani na pilipili. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama tunao samaki wadogo wakavu, maana bila wao ladha haikamiliki.

Mama alinitaka nirudie. Nikarudia. Akashuka stoo mbio na ndala zake, akarudi amekumbatia ule mfuko, anacheka huku analia.

Utotoni niliamini kosa lilikuwa la maneno mawili kufanana. Nilipokua ndipo nilipoelewa. *Har ni* maana yake "mnayo", na mimi nilijua hivyo vizuri sana. Lakini kengele ilipolia, mimi na mama tulikuwa tumeshajiandaa kuambiwa tunanuka, kwa hiyo ndicho tulichosikia. Mama Fumiko alikuja kutuomba kitu. Katika jengo lile hakuna aliyekuwa amewahi kutuomba kitu.

Hatukuhama. Mama Fumiko alipokwenda kwenye nyumba ya wazee sufuria ilipanda kwetu, na sasa iko kwangu. Mama akija hunawa, huingiza mkono, hugeuza, na hunilaumu kwa uvivu.

Jana binti yangu aliingia jikoni na rafiki yake wa shule, nikiwa nimezamisha mkono humo hadi kwenye kifundo.

"Mamma, vad är det som luktar?" Yaani, nini kinanuka?

"Nuka," nikamjibu, nikachomoa tango, nikawakatia.

Rafiki yake akaomba jingine.