Nyumba Aliyopangiwa Mbaluka

Wanza wa Mbaluka alikuwa na neno moja asilolipenda, na mtaa mzima wa Makongeni, Nairobi, ulijua. Ukitaka kumtibua, mwambie, "Mungu amepanga." Angekutazama toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kisha angeendelea na shughuli zake kama aliyesikia mbwa wa jirani.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Aliletwa Makongeni kutoka Kangundo akiwa bibi harusi mwenye sanduku la bati, mara tu Mbaluka alipopata kazi ya reli na nyumba ya wafanyakazi. Ilikuwa chumba kimoja, mfereji wa maji wa kugombaniwa nje, na king'ora cha karakana kilichoamsha wote, wa reli na wasio wa reli. Humo alimzaa Nthenya, sasa mke wa watu huko Tala, na humo alimzaa Kilonzo. Kilonzo alishikwa na homa akiwa darasa la tatu, wakamzika Kangundo. Waliokuja matangani kila mmoja alimshika mkono akasema, Mungu amepanga. Wanza alitamani kuwauliza: alipanga lini, na mbona hakuniambia kabla sijamnunulia mwanangu sare mpya? Hakuuliza. Alipika chai. Kanisani hakuacha kwenda, na sauti ya pili aliiimba kama kawaida, ila neno lile hakulikaribisha tena nyumbani mwake.

Ikaja miaka ya tisini, reli ikapunguza watu, na Mbaluka akawa miongoni mwa waliostaafu mapema. Nyumba ilikuwa ya kazi, kwa hiyo kazi ikiisha unahama. Majirani wakahangaika, huyu Kayole, yule Umoja, wengine wakarudi Ukambani kabisa. Mbaluka yeye alitoa kiti nje, akafungua redio, akatulia.

"Baba Nthenya, tunaenda wapi?"

"Usijali, mke wangu. Mungu ndiye mpangaji."

"Mpangaji?" Wanza akaweka chini ungo wa maharagwe. "Mpangaji ni mimi na wewe. Tangu lini Mungu akadaiwa kodi ya nyumba?"

Mbaluka akacheka. Ulimi wa mkewe aliupenda tangu ujana. "Unajua ninachosema. Waisraeli walipofika baharini walifanya nini? Walisimama."

"Na baada ya kusimama wakavuka kwa miguu yao. Sijasikia aliyevushwa na kiti chake."

Usidhani Mbaluka alikuwa mvivu. Mikono yake ilijua kila parafujo ya behewa. Lakini maishani mwake hakuwahi kutafuta nyumba. Alipewa moja akaizeekea. Kubisha mlango wa mtu na kuuliza kama kuna chumba kulimtia hofu kuliko treni. Wanza aliiona hofu hiyo, akaisitiri, naye pia akawa anangoja mumewe aamke.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, Mbaluka akasimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wengi mmeniuliza nitaenda wapi. Nawaambia leo bila wasiwasi, Mungu amenipangia nyumba!"

Yeye alimaanisha kwamba mambo yake yamo katika mpango wa Mungu. Lakini mtu wa Nairobi ukimtajia nyumba na kupanga kwa pumzi moja, anaelewa kitu kimoja tu. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Roseline, mwenyekiti wa akina mama, akasimama hapo hapo. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakwenda kuiombea nyumba hiyo. Kila mama aje na kitu mkononi!"

Mbaluka akafungua kifungo kimoja cha koti, akaketi.

"Mbona hukuwarekebisha?" Wanza alimuuliza njiani.

"Ningesemaje? Kwamba Mungu hajanipangia?"

Wanza alicheka hata akashika ua wa nyumba ya watu. Kisha kicheko kikamwisha. Akina mama wangekuja kweli na masufuria yao, na yeye na mumewe hawana mlango wa kuwafungulia.

Siku mbili baadaye Wanza alikuwa soko la Kariokor kwenye kibanda chake cha akala, vile viatu vya tairi. Asubuhi alizipanga kama kawaida yake: kubwa mbele, za watoto akizitungika kwenye kamba, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia. Ng'ang'a, fundi wa kukata tairi, akapiga kelele kutoka upande wa pili.

"Niaje, mathe! Nasikia mmepata keja. Mnahama lini?"

"Kata tairi, wewe! Uache kukata maneno."

Wakiuru, jirani yake wa kibanda, aliyeuza mikoba ya ngozi, akamsogezea kikombe cha chai. Alikuwa mjane kutoka Murang'a, na alikuwa amejenga nyumba mtaa wa Komarock.

"Hongera, Mama Nthenya. Lakini umenivunja moyo kidogo. Mpangaji wangu wa uani amehama. Vyumba viwili na choo chao. Nilitaka nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine. Ndipo Roseline akaja kununua mkoba, akanieleza mumeo alivyoshuhudia, kwamba mmeshapangiwa. Nikanyamaza. Kuna karani mmoja anakuja leo jioni kuviona."

Wanza alibaki na akala mkononi. Akisema ukweli, mumewe ataonekana mtu aliyesimama mbele ya madhabahu akashuhudia nyumba isiyokuwapo. Akinyamaza, karani atachukua vyumba, na Jumamosi aibu itakuja na masufuria yake kichwani.

Miaka yote alilichukia neno lile kwa sababu aliona linafunga milango. Kama imepangwa, unaulizia nini, unalilia nini? Na sasa mlango huu hapa, uko wazi, na hakuna mkono unaomsukuma aingie wala unaomvuta nyuma. Ni yeye tu na mdomo wake. Akasema moyoni: Bwana, kama ni wewe, nishike ulimi usitetemeke.

"Wakiuru."

"Eeh."

"Hatuna nyumba."

"Haiya! Na ule ushuhuda?"

"Ulikuwa wa imani."

Wakiuru alicheka mpaka wateja wakageuka. "Nyinyi Wakamba! Mnapangiwa nyumba hewani?"

"Na nyinyi Wakikuyu mnazijenga mkimngoja nani? Si sisi? Mwambie karani wako ametanguliwa."

Jioni alimweleza mumewe yote. Mbaluka alizima redio.

"Umeniaibisha, Wanza?"

"Nimesema ukweli kwa mtu mmoja, nikapata vyumba viwili."

Kisha uso ukamlegea. "Haya. Sasa niambie, nani amepanga? Wewe au Mungu?"

Wanza alianza kuhesabu nani kafanya nini. Aliyemhamisha mpangaji wa kwanza hakuwa yeye. Aliyemtia Wakiuru huruma hakuwa yeye. Lakini kusema, alisema mwenyewe, na angeweza kunyamaza. Alijaribu kuona mkono wa Mungu unaishia wapi na wake unaanzia wapi, akashindwa, na kushindwa huko kukampa raha asiyoitarajia.

"Sijui," akasema. "Kesho twende ukaone kuta. Beba nyundo."

Jumamosi akina mama walifika Komarock kwa nyimbo, na sukari, na masufuria, na blanketi moja zito. Mbaluka alikuwa amepigilia rafu na kunyoosha mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu. Akasimama katikati ya vyumba vyake viwili.

"Nataka kurekebisha ushuhuda wangu. Siku ile nyumba haikuwapo. Niliogopa kutafuta, nikaiita hofu yangu imani. Mungu alipanga, mke wangu akaenda kupanga, na mimi hapa nimepangiwa mara mbili!"

Hakuna aliyemcheka kwa ubaya. Walimcheka kama mtu wao. Roseline akaomba, na katikati ya maombi akasema, "Ee Bwana, wewe ndiwe uliyepanga." Watu wa Makongeni wakamtupia Wanza jicho la pembeni.

Moyoni Wanza alimwona Kilonzo na sare yake mpya. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini mtoto yule alichukuliwa, na hata leo hakuelezwa. Lakini Mungu yule yule ambaye hakumweleza ndiye aliyekuwa naye Kariokor ulimi ulipotaka kukwama. Hilo alilijua.

"Amina," akasema, kwa sauti kuliko wote.

Kutoka jikoni Wakiuru akapaza sauti: "Mpangaji! We, mpangaji wangu! Chai yako inafurika huku!"

"Naja!" akaitika Wanza, akakimbilia sufuria.