Siku Kilema Ilipozima Redio

Mama yangu hakumlilia baba. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka mingi jambo hilo lilinikaa kooni. Baba alikuwa akivuka mpaka wa Kenya pale Holili kupeleka ndizi na kurudi na sabuni, enzi zile sabuni haipatikani madukani. Safari moja alipitiliza hadi Mombasa kutafuta kazi, akaugua huko, akafa. Barua ilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa hukohuko wiki tatu nyuma. Mama alisomewa, akaikunja ile barua, akachukua ndoo, akaenda kuchuma kahawa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na siku ile nilimchukia.

Kwa hiyo mtaielewa hasira yangu, miaka tisa baadaye, nilipoambiwa kwamba mama analia mpaka anashikiliwa asianguke, kwa sababu amekufa mtu wa kwenye redio.

Mtu huyo kwetu mlimani, Uchaggani, hakuna asiyemjua. Kila Alhamisi jioni, katika mchezo wa redio, aliigiza mzee wa Kichagga mwenye duka, mbahili na mwongo, ambaye kila akitega mtego hunasa yeye mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, kuanzia alivyovuta maneno mpaka alivyoguna kabla ya kujibu swali. Hatukuudhika kuchekwa. Tulijiona tumekumbukwa. Ugomvi ulikuwa ni kwao wapi. Watu wa Marangu walisema ni wao, wa Rombo wakasema ni wao, na kijijini kwetu Kilema kulikuwa na bibi mmoja aliyeapa kwamba alikuwepo siku anabatizwa pale misheni. Mama hakuingia katika mabishano hayo. Alichosema siku moja, huku akichambua maharage, ni kwamba yule mzee anaguna kama baba.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani Njoro, mjini chini ya mlima. Nilishonea kwenye baraza la mwenye nyumba wangu, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Tanga. Mitumba ilikuwa imekwisha kuingia, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee watu wetu wembamba. Jumatatu moja taarifa ya habari ya saa saba ikasema yule mwigizaji amefariki Dar es Salaam. Mwenye nyumba alikaa chini, akasema Innalillahi, kisha akaniambia huyo ni mtoto wa mtaa wa pili kutoka kwao. Marehemu Kichagga hakujua hata salamu. Ule usemi wake aliuokota kwa Mchagga mmoja mwenye duka, pale alipokuwa akitumwa chumvi utotoni. Nilicheka, nikaona haya, nikarudi kwenye cherehani. Kesho yake redio ikatangaza kwamba amezikwa kwao Tanga baada ya sala ya alasiri.

Jumatano asubuhi mama mmoja wa Kilema, aliyeshusha ndizi sokoni, alipita kunisalimia. Ndiye aliyenipa habari za mama yangu. Wanawake wa jumuiya yao ya sala walikuwa wanamngoja marehemu apandishwe mlimani kuzikwa.

Sisi mtu wetu hatumwachi ugenini. Afie Dar, afie Mwanza, atasafirishwa alale kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, karibu na wazee wake. Kwa hiyo Kilema hawakuwa na shaka kwamba gari litakuja. Na penye msiba redio huzimwa. Kwa vile walimhesabu kuwa mtu wao, jumuiya nzima ilizima redio Jumatatu ileile, na tangazo la mazishi likawapita. Heshima ndiyo iliyowaziba masikio.

Nilifunga cherehani nikisonya. Mwenye nyumba akatoka amejitanda kanga, akasema twende wote.

"Mtu wa kwetu analiliwa na watu wasiomjua, nami nibaki hapa nakunywa chai?"

Tulipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikipandisha saruji. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mama, na kila nilivyoyapanga yalizidi kuwa makali.

Tuliwakuta njia panda, chini ya kanisa. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wanawake wapata ishirini, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi mbele yake, maana hakuna aendaye msibani mikono mitupu. Walikuwa wanangoja gari lililofungwa matawi lipite, waone linakata kona ya wapi, walifuate kwa miguu. Mama alikaa mbele kabisa, macho yamevimba. Mkononi alishika tawi la isale, mmea ule tunaopanda makaburini, na ambao mtu huushika anapokwenda kuomba radhi.

Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia. Halafu yale maneno niliyoyapanga yakanitoka yote, mbele ya watu. Nilisema huyo si wetu, ni mtu wa Tanga, amezikwa jana. Laiti ningeishia hapo.

"Baba hukumlilia hata siku moja," nilimwambia. "Leo unamlilia mtu wa redio."

Bibi yule wa ubatizo aliinamia mkungu wake. Mama hakunitazama. Alimgeukia mwenye nyumba wangu, mgeni kabisa kwake, akamuuliza kama marehemu alizikwa na watu wake.

"Na watu wake, dada," mwenye nyumba akajibu. "Msikiti ulijaa. Mdogo wake ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea."

Sijui alizipata wapi habari hizo. Sikumuuliza siku ile, na baadaye sikutaka kujua.

"Aika, mae," mama akamshukuru kwa Kichagga, kama anavyoshukuriwa mama wa heshima. Kisha akanitazama mimi.

"Gari la baba yako sikuliona," alisema. "Sikujua nikae wapi nimlilie. Huyu nilijua atapita hapa."

Miaka tisa nilimbebea mama kinyongo kwa jambo ambalo ningeweza kumuuliza asubuhi yoyote tukiwa tunachuma kahawa.

Bibi wa ubatizo ndiye aliyeinuka kwanza. Alijitwika mkungu wake, akasema ndizi zikishatoka kwenda msibani hazirudi nyumbani, kisha akashika njia ya kwetu. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mama alikuwa wa mwisho. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Nyumbani walimenya ndizi, wakapika kiburu cha ndizi na maharage. Mwenye nyumba alimenya nao mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, akawa anawasimulia jinsi yule mwigizaji alivyofukuzwa dukani kwa kumwigiza Mchagga wa watu. Walicheka, wakafuta machozi, wakacheka tena. Mama alipita nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya babu na bibi, mahali ambapo baba angelazwa kama angerudishwa. Alichimba kwa panga, akachomeka lile isale, akapiga magoti. Ndipo aliposema jina la baba, mara ya kwanza tangu ile barua, na kilio alichokitoa kiliwanyamazisha wote waliokuwa jikoni.

Nilimwacha alie. Nilikwenda mpakani mwa shamba, nikakata tawi jingine la isale, nikamletea kwa mikono miwili. Kwetu anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa radhi, na nilijua kwamba namlazimisha. Alilipokea. Akachimba tena, akalichomeka kando ya lile la baba, akalishindilia udongo kwa kiganja.

Yote mawili yalishika, yakachipua.