Namba ya Kambale imeandika leo

Leo asubuyi mutoto wangu Kambale ameniandikia mu telefone.

Ni miaka tano tangu waasi bamukamate mu shamba, huku Mulekera. Maiti yake hatujaiona, hatujamuzika.

"Mama, niko muzima."

Mujukuu wangu Kavira ndiye alinisomea. Yeye ni avocat, mwanasheria wa Leta, ni kusema serikali; anafuata bezi ba internet.

"Mukaka, bibi yangu, ni mwizi anatumia namba yake. Tia kidole kwa hii karatasi, tufunge iyo namba."

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema marehemu Kambale..."

Nikarudisha kidole. Na nyie mungetia?

"Mushitaki huyo mwizi mpaka achoke, lakini iyo neno 'marehemu' uitoshe, mama yangu," nikamuambia Kavira.

Akaitosha, akaifuta na kalamu. Kambale ni baba yake.

Tukakaa, telefone katikati yetu.

Avocat wangu akauliza pole pole: "Mukaka, hajaandika tena?"